Maswali na Majibu: Barakoa si ya Polisi

(Majibu haya yaliandikwa Juni 2020, wakati wa corona; amri, faini, nauli na vyeo vinavyotajwa ni vya wakati ule.) Tangu Rais Uhuru Kenyatta atangaze Jumamosi, Juni 6, 2020, kwamba kafyu, yaani marufuku ya kutoka nje usiku kwa sababu ya corona, itaendelea kwa siku 30 nyingine na kwamba Mombasa inabaki imefungwa, ujumbe umekuja mwingi kuliko nafasi. Watu wamechoka. Vibarua vimekatika, kodi haingoji, na hasira inasikika hata kwenye maandishi. Nimechagua yale yanayowagusa wengi. Yaliyokwisha kujibiwa sitayarudia, ila hili la kwanza, na ni mara ya mwisho.

Kafyu sasa inaanza saa ngapi? (Wengi mno)

Saa tatu usiku hadi saa kumi alfajiri. Ile ya saa moja jioni imekwisha. Anayekutwa nje anaweza kutozwa faini hadi shilingi 10,000, au kufungwa hadi miezi mitatu, au vyote viwili. Hakimu hatakuuliza kama ulisikiliza redio.

Shikamoo Bi. Nauza kwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa mjini, nakaa Likoni. Tangu kafyu isogezwe, tajiri anatufungulia mlango tutoke saa mbili na robo usiku. Nikikwama feri na saa tatu ikanikuta upande huu, kosa ni langu? (Kijana wa Likoni)

Marahaba, mwanangu. Kisheria utahesabiwa uko nje bila kibali, kwa sababu muuza misumari hayumo katika orodha ya wafanyakazi wa huduma muhimu. Lakini ukiniuliza lawama ni ya nani, nitakwambia ni ya tajiri wako, na ya waliopanga saa hizi bila kuangalia maji.

Mombasa ni kisiwa. Mtu wa Likoni hana daraja, ana feri. Ukimwambia kila mtu awe kwake saa fulani, umewaita wote getini kwa wakati mmoja. Tuliliona hilo siku ya kwanza kabisa ya kafyu, Machi 27. Saa ya kafyu ilikuwa haijafika. Watu walikuwa wametoka kazini mapema kama walivyoambiwa, wakajaa pale feri bega kwa bega, wengi bila barakoa kwa kuwa wakati huo hazikuwa lazima. Wakarushiwa vitoa machozi, wakachapwa marungu, wakalazwa chini wamelaliana. Ugonjwa huu hupita kwenye pumzi na kikohozi. Sasa fikiria umati unaokohoa, macho yanawaka, kila mtu anajifuta uso kwa mkono uleule alioshikia geti. Kama kulikuwa na mgonjwa mmoja pale jioni ile, amri ya kutulinda ndiyo iliyomgawa kwa wenzake.

Rais aliomba radhi kwa ukatili wa polisi mwanzoni mwa Aprili. Tarehe 16 mwezi huohuo Mahakama Kuu ikaamua kwamba kafyu yenyewe ni halali, ila nguvu zilizotumiwa na polisi kuitekeleza zilivunja Katiba. Hukumu hiyo ijulikane na kila mtu, maana watu wengi wameshika nusu moja tu. Wapo wanaodhani mahakama iliruhusu kupigwa, na wapo wanaodhani iliondoa kafyu. Haikufanya hata moja. Na bado mwezi huu IPOA, mamlaka inayosimamia utendakazi wa polisi, imesema inachunguza vifo 15 vinavyohusishwa na polisi tangu kafyu ianze. Mmoja wa waliokufa ni mtoto wa miaka 13 aliyepigwa risasi usiku wa Machi 30 akiwa rosheni kwao, Kiamaiko, Nairobi. Alikuwa nyumbani kwao, pale hasa alipotakiwa awe.

Kwa hiyo, mwanangu: ukikwama, usikimbie. Usibishane kwa sauti. Simama, sema unakotoka na unakokwenda, na uwe na kitu cha kuonyesha kwamba unafanya kazi mjini. Ukikamatwa, uliza unapelekwa kituo gani na uhakikishe jina lako limeandikwa kwenye OB, kitabu cha matukio cha kituo. Usitoe mia tano ya kando. Ukiitoa leo, wiki ijayo itatakiwa kwako na kwa mwenzako asiyekuwa nayo.

Na kwa matajiri: nani ananunua misumari saa mbili usiku? Rais alisogeza kafyu ili watu wapate nafasi ya kufika kwao kwa utulivu. Ninyi mmeichukua nafasi hiyo mkaifanya ya biashara, na watu mmewarudisha kwenye msongamano uleule wa Machi, tofauti ni saa tu. Fungeni saa kumi na mbili. Wanaokaa ng'ambo watoke kwanza.

Barakoa ikiwa kidevuni, nahesabika nimevaa? (Tuktuk, Bamburi)

Hapana. Pua na mdomo, vyote, muda wote ukiwa na abiria.

Barakoa za kitambaa za barabarani za shilingi 50 ni salama? Na naona watu wanajaribisha kisha wanairudisha. (Mama Fatma, Majengo)

Kujaribisha ndiko kunanitisha, zaidi hata ya kitambaa. Pita Mwembe Tayari utaona: mteja anaivaa, anavuta pumzi, anajitazama kwenye kioo kidogo cha muuzaji, anasema inabana, anaitundika tena msumarini. Anayefuata anavaa ileile. Mwenye kuuza akatae kabisa. Ukubwa unaweza kupimwa bila kuigusisha mdomo, na wewe mnunuzi, ukishainunua ifue kabla ya kuivaa.

Kuhusu kitambaa, Juni 5 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya likishauri barakoa za kitambaa kwa watu wote pale ugonjwa unaposambaa na nafasi ya kukaa mbalimbali haipo, na likapendekeza matabaka matatu. Nyingi za shilingi 50 ni tabaka moja, ukiinua juani unaona mkono wako upande wa pili. Mama Fatma, unajua kushona au unamjua anayejua. Leso kuukuu ya pamba, iliyofuliwa mpaka ikalainika, inatosha kwa tabaka mbili za ndani, na juu weka kitambaa kizito kidogo. Mshonee kila mtu mbili: moja ikivaliwa, nyingine iko kwenye kamba. Sabuni, maji, jua. Usiilalie, usiikunje mfukoni pamoja na noti.

Nikiwa hapo hapo niseme lililo moyoni. Sheria ya mwaka huu wa 2020 inasema asiyevaa barakoa hadharani anaweza kutozwa hadi shilingi 20,000 au kufungwa miezi sita. Mtu aliyekosa hamsini ya kununulia barakoa atazitoa wapi elfu ishirini? Tumeletewa virungu kabla ya vitambaa, na matunda yake ndiyo haya: watu wetu wamejifunza kumwogopa polisi, ugonjwa hawajaujua. Barakoa inakaa mfukoni, inapanda usoni kizuizi kikionekana, inashuka kikipitwa. Nyumbani kwa mama mzazi mwenye sukari, hakuna anayeivaa, kwa sababu kule hakuna polisi.

Matatu ya watu 14 inatakiwa ibebe wanane, lakini nauli imepandishwa na bado tunabebwa kumi na wawili. Tufanye nini? (Abiria wa Kongowea)

Mshuke. Najua hamtashuka, kwa sababu ni jioni na inayofuata nayo ni vilevile. Lakini tuseme ukweli kwamba makanga hajazi gari peke yake. Mmekwisha kuona: mnapokaribia kizuizi cha darajani, makanga anasema kwa sauti ya chini, "Wa nyuma inameni kidogo, vaeni vitambaa." Na watu wazima, wenye watoto nyumbani, wanainama. Polisi anachungulia dirishani, anahesabu vichwa vinavyoonekana, gari linapita, vichwa vinainuka. Wote mle ndani wamelipa nauli ya viti viwili ili wamsaidie makanga kuvunja sheria iliyowekwa kwa ajili ya mapafu yao.

Mnayoweza kufanya leo ni kufungua madirisha, yote, hata kukinyesha mvua nyepesi. Hewa ikizunguka inapunguza hatari. Ukiweza, lipa kwa M-Pesa; tangu Machi mwaka huu wa 2020 kutuma kiasi kisichozidi shilingi 1,000 hakukatwi ada, kwa hiyo kisingizio hakuna. Na chukueni nambari ya gari. Chama cha gari hilo kina ofisi, na abiria kumi wakilalamika siku moja kuhusu gari moja, mwenyewe ataitwa.

Je, Julai 6 tutafunguliwa? (Sita wameuliza)

Rais atatangaza siku hiyo. Anayewaambia sasa hivi kwamba anajua anawauzia kitu.

Mama yangu mdogo amefariki Malindi. Nasikia kaunti yake, Kilifi, imefunguliwa. Kuna mwenye mashua anavusha watu Mtwapa usiku kwa mia tano. Nikazike? (Mishomoroni)

Poleni sana, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Kilifi na Kwale zimefunguliwa kati yao na kaunti nyingine, lakini Mombasa bado imefungwa, kwa hiyo wewe huwezi kutoka bila ruhusa. Ruhusa ya mazishi ipo. Anza kwa chifu wako, ukiwa na kibali cha kuzika na majina ya wanaokwenda. Waombolezaji wanatakiwa wasizidi 15, jamaa wa karibu. Wewe ni mtoto wake, una haki ya kuomba.

Mashua usipande. Usiku, bila vizibao vya kuokolea, kwa kujificha, mtu mmoja akianguka hakuna atakayepiga kelele. Na kama umebeba ugonjwa bila kujua, utaufikisha matangani, penye wazee. Mwezi wa Aprili watu walisafiri kutoka Nairobi mpaka Homa Bay wakiwa na jeneza tupu, wakijifanya wanakwenda kuzika, na dereva wao alipopimwa alikutwa na virusi. Sisi tuliolelewa madrasa tulifundishwa tangu utotoni kwamba tauni ikiingia mji ulipo usitoke, na ikiwa mji mwingine usiuingie. Mafundisho hayo hayakuletwa na serikali.

Ukikosa kibali, tuma mchango wako, soma dua ulipo, na ukamzuru barabara zikifunguliwa.

Sisi wa Mji wa Kale tulifungiwa mwezi mzima kama wahalifu. Sasa tumefunguliwa, watu wanatunyooshea vidole kwamba tulikataa kupimwa. Unasemaje? (Kibokoni)

Nasema mlikosewa, na baadhi yenu mlikosea. Nianze na la kwanza.

Mei 6 ilitangazwa kwamba Mji wa Kale na Eastleigh ya Nairobi hakuna kuingia wala kutoka. Ilikuwa Ramadhani. Mtu anayeishi kwa kuuza viazi karai na kachori jioni, au anayebeba mizigo ya watu bandari ya zamani, aliambiwa akae ndani kwa siku 15, kisha muda ukaongezwa hadi Juni 6. Kufunga mtaa kunaweza kuwa jambo la busara ikiwa ugonjwa umeota mahali pamoja. Lakini mtaa ukifungwa, chakula kiingie kabla ya kizuizi. Kiliingia baadaye, na kwa mafungu. Idi mkaisali majumbani na vyungu vyepesi.

Na kuhusu kupima, wanaowanyooshea vidole wakumbuke yaliyotangulia. Aprili nzima, mtu aliyewekwa karantini kwa amri ya serikali alikuwa analipishwa. Hata katika mabweni ya vyuo vya serikali ilikuwa shilingi 2,000 kwa siku, yaani 28,000 kwa siku 14, na wapo walioongezewa siku kwa kuwa majibu yao yalichelewa au jirani wa chumbani alikutwa na virusi. Wengine waliruka ukuta wakatoroka, picha zikaonekana nchi nzima. Mwanzoni mwa Mei Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, akatangaza kwamba serikali itabeba gharama katika vituo vyake. Tangazo hilo lilikuja hofu imekwisha kuingia ndani ya nyumba. Bibi mwenye nyumba ya vyumba viwili kule Kibokoni hakuona kijiti cha pamba puani. Aliona gari linakuja kumchukua, majirani wanachungulia dirishani, na deni la kurudi nalo. Ndiyo sababu hema za kupimia zilikaa na watu wachache. Hofu hiyo ilikuwa na sababu, na aliyeisababisha hana haki ya kuishangaa.

Sasa la pili. Wapo kwenu waliosambaza sauti za WhatsApp kwamba ugonjwa haupo, kwamba vipimo ndivyo vinavyoambukiza, kwamba ni njama ya kuwahamisha watu na kuchukua majumba ya kale. Hao walijua wanasema uongo, au hawakujali. Watu waliokuwa wakikohoa walinyamaza nyumbani mpaka pumzi ikakatika, na waliofikishwa hospitali walifika wamechelewa. Kama una sauti hizo kwenye simu yako, zifute, na anayekuletea mwambie asikuletee tena.

Anayemnyanyapaa mtu kwa sababu anatoka Mji wa Kale ajue kwamba virusi vimekwisha kufika Mvita nzima, Nyali, Likoni na Changamwe. Hakuna mtaa wa kunyooshewa kidole.

Kujifukiza kwa mwarobaini, ndimu na tangawizi kunaua virusi? (Watu wanne, na mmoja ameuliza mara ya tatu)

Hakuui. Kunaweza kufungua pua, basi. Sufuria ya maji yanayochemka chini ya shuka pamoja na mtoto ni hatari; wapo walioungua.

Tanzania hawakufunga kitu na wanaendelea na maisha. Kwa nini sisi tunateswa? (Mfanyabiashara, Marikiti)

Swali hili linakuja kila wiki, na kila wiki linaandikwa kama limeshajijibu.

Tanzania ilifunga shule na vyuo mwezi Machi kama sisi, ikazuia mikusanyiko, ila ikaacha masoko na nyumba za ibada wazi. Vyuo na kidato cha sita walirudi Juni 1. Lakini hesabu za wagonjwa za kitaifa zilikoma kutolewa Aprili 29, zikiwa wagonjwa 480. Baada ya hapo tukasikia kwamba papai na mbuzi walipimwa wakakutwa na virusi, na wiki hii Rais Magufuli amesema nchi haina corona tena kwa maombi ya wananchi. Mimi nina ndugu Tanga, na ninawaombea heri usiku na mchana. Lakini kutotangazwa hesabu hakumfanyi mtu asiumwe. Madereva wa malori wanaovuka Namanga na Lunga Lunga wanapimwa kwa sababu baadhi yao wamekutwa na virusi, na dereva hupata ugonjwa kwa watu aliokaa nao.

Ukitaka kulaumu kwetu, lawama zipo nyingi za kweli: chakula kilichochelewa, polisi, karantini ya kulipia. Pigania hizo. Usipiganie tufiche hesabu ili tulale vizuri.

Mwanangu yuko darasa la nane, shule zimefungwa tangu Machi. Masomo ya simu yanamaliza bando, na anashinda akicheza mpira. Atafanya mtihani gani? (Mzazi, Bombolulu)

Redio haili bando. Masomo ya KICD, taasisi ya serikali ya mitaala, yanarushwa kupitia redio ya taifa, KBC, siku za shule. Tafuta redio hata ya kuazima, mkae naye, awe na daftari. Watoto wawili watatu wa plotini wanaweza kusikiliza pamoja nje, kivulini, wamekaa mbalimbali. Mpira sio adui. Kushinda bila saa maalum ya kitabu ndiko kutakakomrudisha nyuma. Asubuhi masaa mawili, kila siku, hata kama anarudia kitabu cha mwaka jana.

Na kwa wazazi wote: watoto wako nyumbani kutwa, ninyi mnatoka kutafuta riziki. Nani anabaki nao? Msichana wa miaka 13 haachwi mchana kutwa mikononi mwa mjomba au mpangaji eti kwa sababu "ni mtu wetu". Jirani mwanamke unayemwamini, bibi, dada mkubwa: panga zamu, na umuulize mtoto kila jioni siku yake ilikuwaje. Hamkuniuliza hili. Nalisema kwa sababu ya ujumbe ambao siwezi kuuchapisha hapa.

Jirani yetu anampiga mkewe karibu kila usiku tangu alipoachishwa kazi ya hoteli. Zamani mke alikuwa anakimbilia kwa mamake Kisauni, sasa na kafyu hawezi. Mume wangu ananiambia nisiingilie ya watu. Nifanye nini? (Bila jina, Changamwe)

Ingilia.

Kafyu haimkatazi mtu kuokoa roho. Namba 1195 ni ya bure, inapigwa saa yoyote, na wanapokea kesi za kupigwa na za kunajisiwa. Unaweza kupiga wewe, si lazima apige yeye. Mapema Aprili Jaji Mkuu David Maraga alionya kwamba kesi za dhuluma za kingono zimeongezeka tangu vikwazo vianze, na kwamba wanaofanya hivyo mara nyingi ni watu wa karibu. Hamuoni mambo mageni hapo Changamwe.

Zungumza na yule mama mchana, mume akiwa hayupo, mkiwa mnaanua nguo au mnachota maji. Usimwambie amwache mumewe; mwambie mlango wako uko wazi usiku, na mkubaliane ishara, kugonga bati au kumtuma mtoto kuomba chumvi. Aweke kitambulisho, kadi za kliniki za watoto na pesa kidogo kwako. Akiumizwa, hospitali kwanza, kabla ya kuoga, na aombe polisi fomu ya P3, ile ambayo daktari huandika majeraha. Asiambiwe na mtu kituoni kwamba "hayo ni ya nyumbani". Akiambiwa hivyo aombe kumwona afisa wa dawati la jinsia.

Na mume wako mwambie hivi: yeye ndiye anayefaa kugonga mlango ule usiku, akiwa na wanaume wengine wawili wa plotini, na kusema kwa sauti ya kawaida kwamba wanasikia. Wengi wanaopiga wake zao huacha usiku ule wakijua wanasikika. Asubuhi piga 1195 hata hivyo.